Namna ya Kupenya Karantini ya Bandari

Sogea karibu, ngosha, maana mambo haya hayasemwi kwa sauti. Leo nakufundisha jinsi ya kumpita daktari wa bandari wa enzi za mkoloni hali amesimama mlangoni, kofia ngumu kichwani, kalamu mkononi, na hamu ya kumzuia mtu imemjaa kifuani. Najua utasema Ipililo haina bandari. Kweli. Kata yetu iko Maswa, Mkoa wa Simiyu, na chombo cha maji kinachofahamika sana hapa ni ndoo. Lakini usiniharakishe. Asiyeiona bahari naye hulipa ushuru wake, tena bila risiti, na huko tutafika.

Tuseme ni mwanzo wa karne iliyopita. Kaskazi inavuma, nawe uko ndani ya meli inayotoka Bombay kuja Unguja. Usiniulize umefikaje Bombay. Wasukuma tumefika kila mahali, na popote tulipofika tulimkuta mwenzetu ametangulia na ana biashara. Bombay ina tauni tangu 1896. Daktari wa bandari anajua. Nawe unajua kwamba anajua. Haya, tufanye kazi.

Hatua ya kwanza: panda daraja la juu

Ukiiweza hii, zilizobaki ni mapambo. Kata tiketi ya daraja la kwanza.

Mambo yanakwenda hivi. Meli inatia nanga mbali na mji ikiwa imepandisha bendera ya manjano, maana yake hashuki mtu mpaka daktari aseme. Daktari anakuja kwa mashua, anapanda ngazi, anapokelewa na nahodha. Nahodha ana kinywaji. Kwa abiria wa juu daktari anauliza kama hawajambo, nao wanajibu hawajambo, na kwa kuwa ni watu wa heshima, swali limekwisha. Kisha anashuka sitahani kwa abiria waliolala wiki mbili juu ya mikeka yao. Hapo hakuna kuulizana hali. Ni mstari, vua shati, inua mikono. Vidole vinaingia kwapani, vinashuka kinenani, vinatafuta mitoki, kwa sababu tauni huvimbisha tezi. Na tezi za daraja la kwanza? Hizo huvimba kwa faragha, baada ya chakula cha jioni.

Nauli ikikushinda, azima koti. Simama karibu na mtu mwenye mkongojo wa fedha na ucheke anapocheka. Daktari akikutupia jicho, usiangalie chini. Muulize jambo la kazi yake: muulize kama ni kweli tauni inaletwa na panya, au ni uzushi wa Wafaransa. Mfaransa mmoja, Paul-Louis Simond, alikuwa huko Karachi mwaka 1898 akaonyesha kwamba viroboto wa panya ndio wanaoibeba, na wakubwa wengi wa afya walichukua miaka kulimeza hilo. Kwa hiyo daktari wako ana maoni. Mwache ayatoe. Mtu anayetoa maoni hawezi wakati huohuo kukushika kwapa.

Hatua ya pili: toka mahali pasafi

Kama umetoka mahali pachafu, badili mahali. Usibadili safari, badili karatasi.

Kila meli hubeba cheti cha afya kilichotolewa bandari ilikotoka. Kuna cheti safi, kuna cha mashaka, kuna kichafu. Sasa fikiria wewe ndiye ofisa wa bandari ile ya kwanza. Ukiandika kichafu, kesho wafanyabiashara wako mlangoni kwako, kesho kutwa ushuru umeshuka, na siku ya tatu barua inatoka kwa mkubwa ikikuuliza kama ulimwona mgonjwa kwa macho yako mwenyewe au ulisikia tu. Utaandika nini? Ndiyo maana dunia ya zamani ilikuwa na bandari nyingi safi ajabu, zenye makaburi mapya.

Usidhani wakubwa walikuwa hawalijui. Walianza kukutana Paris mwaka 1851 kujadili karantini, wakaendelea kukutana miji mbalimbali miaka nenda rudi. Waingereza walikuja kila mara na hoja ileile: karantini ndefu ni mambo ya kale, ukaguzi wa daktari unatosha. Hoja nzuri, na aliyeitoa ndiye mwenye meli nyingi kuliko wote. Baada ya tauni ya Bombay walikutana Venice mwaka 1897, wakakubaliana watu wa meli yenye tauni waangaliwe kwa muda usiozidi siku 10. Mwaka 1903, Paris, siku zikawa 5. Nakubali sayansi ilikuwa imesogea. Lakini nikuulize, ngosha: umewahi kusikia sayansi ikisogea upande wa kuichelewesha meli ya mkubwa?

Funzo lako hapa ni fupi. Usigombane na tarehe. Subiri mkutano ujao.

Hatua ya tatu: chagua msimu

Umeshindwa hatua mbili za mwanzo. Ulikuwa sitahani, cheti kilikuwa cha mashaka, na jirani yako wa mkeka amekohoa wakati mbaya. Pole. Unapelekwa Changuu.

Changuu ni kisiwa kidogo, kilomita chache tu kutoka Mji Mkongwe. Ukisimama Forodhani wakati hali ya hewa ni nzuri unakiona vizuri. Mwaka 1893 Lloyd Mathews, waziri Mwingereza wa serikali ya Zanzibar, alikinunua ajenge gereza. Gereza likajengwa kwa mawe ya matumbawe, kuta imara, mwaka uliofuata likawa tayari. Halikupata mfungwa hata mmoja. Basi wakaangalia jengo lenye kuta, lenye malango, lililozungukwa na maji pande zote, wakajiuliza ni nani mwingine mwenye sifa za kukaa humo. Abiria.

Utakaa wiki moja hadi mbili. Siku zilivyokwenda waliongeza majengo, mpaka kituo kikaweza kuchukua watu 904 kwa mpigo, na Wazungu wakajengewa nyumba zao za pembeni, kwa sababu hata katika kungoja kufa kuna majirani wa kuchagua. Usilalamike. Omba uwekwe upande wenye upepo, jifanye unaijua Kurani au Biblia vizuri kuliko wenzako, na ndani ya siku mbili utakuwa msemaji wa kambi. Msemaji wa kambi halali njaa.

Ila ungeniuliza mapema ningekwambia usije kaskazi. Vyombo vya India huja na upepo wa kaskazi, Desemba mpaka Machi hivi, na karantini huwa kali miezi hiyo. Miezi mingine kisiwa kilikuwa mahali pa mapumziko: watu wa mji walikwenda kuogelea na kula chakula cha mchana palepale ulipolazwa wewe. Mtu mwenye akili angekuja mwezi wa Agosti, akashuka na kapu la matunda, akajiunga na karamu, jioni akarudi mjini na wenyeji wake. Mdudu wa ugonjwa huheshimu likizo.

Na ukitaka kujua karantini ndefu kabisa ilimpata nani, tazama kobe. Waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919, zawadi ya gavana wa huko. Zaidi ya karne imepita na ukoo wao bado uko pale, na hakuna daktari aliyewaandikia cheti cha kuondoka.

Jambo moja, kabla hujatoka kisiwani. Ukienda leo kama mtalii, kijana wa boti atakwambia kituo kilikuwa cha homa ya manjano. Itikia kwa kichwa, mpe bahshishi. Moyoni jua kwamba homa ya manjano haijawahi kushika India, na meli nyingi za kungojwa zilitoka India. Kilichowakosesha usingizi hapo mwanzo kilikuwa tauni, ndui na kipindupindu. Lakini homa ya manjano ina rangi, na utalii unapenda rangi.

Hatua ya nne: panga mzigo

Mzigo wako utafukizwa moshi wa kiberiti. Weka nguo mbovu juu, nzuri chini, na fedha mahali ambapo hata mke wako hajui. Baada ya moshi utanuka wiki nzima. Litumie hilo. Mtu anayenuka kiberiti ameshathibitishwa na serikali, na kwenye foleni ya pili utamsukuma mwenzako kando kwa haki kabisa.

Wewe mkulima wa Ipililo utafurahi kusikia kwamba katika bandari za zamani za Mediterania hakuna kitu kilichoshukiwa kuliko pamba. Chuma kilipita. Mbao zilipita. Pamba iliwekwa ghalani, marobota yakafunguliwa yapigwe na hewa, na vibarua wakaamriwa kutumbukiza mikono mitupu ndani ya robota hadi kiwiko, siku baada ya siku. Kibarua akiugua, mzigo mchafu. Asipougua, mzigo safi. Kipimo cha bei nafuu namna hiyo hakijapatikana tena, ingawa ukiangalia vizuri mizani ya kununulia pamba katika baadhi ya magulio utaona bado ni mkulima anayetumbukiza mkono.

Baadaye wafanyabiashara walipiga kelele, mizigo ikaachiliwa, wakabaki kushikwa watu na matandiko yao. Hapo ndipo tunapofika kwenye siri yenyewe.

Hatua ya tano: usiwe mtu

Mpaka sasa nimekufundisha mbinu za wanafunzi. Sasa sikiliza mbinu ya walimu. Karantini ilitengenezwa kumzuia mtu mwenye jina, tiketi na uso. Ukitaka kupita bila kuulizwa, achana na vyote vitatu.

Anza na panya. Meli imetia nanga mbali, abiria wamezuiliwa, bendera ya manjano inapepea. Lakini mchele wa watu unangojwa mjini. Matishali yanakuja ubavuni mwa meli, magunia yanashushwa, na ndani ya gunia la kumi na mbili yumo panya mmoja na viroboto wake. Jioni hiyo wewe uko Changuu unahesabu nyota, panya yuko ghalani mtaa wa Malindi, mjini, amekula ameshiba. Baadaye waliweka sahani za bati kwenye kamba za meli ili panya wasitembee juu yake kuja nchi kavu. Sahani nzuri sana. Panya wa kwenye kamba alikasirika, panya wa kwenye gunia hakusikia habari. Mwaka 1905 tauni ilikuwa mjini Unguja.

Panya anakuchukiza? Kuwa funza. Mwaka 1872 meli ya Kiingereza iitwayo Thomas Mitchell ilitoka Rio de Janeiro ikaenda Ambriz, pwani ya Angola. Haikuwa na mzigo wa kutosha, kwa hiyo ilijaza mchanga tumboni isiyumbe. Mchanga ulikuwa na funza. Angekuwapo daktari wa bandari, angeuliza nini? Jina la mchanga? Walimwaga mchanga, funza akaingia kwenye mguu wa mtu wa kwanza, na kutoka mguu hadi mguu, kwa njia za misafara, akalivuka bara zima. Mwaka 1892 Oscar Baumann alipopita Uzinza, ng'ambo tu ya ziwa kutoka kwetu Usukuma, alikuta watu wameoza miguu kiasi cha kushindwa kuvuna, njaa iko mlangoni na chakula kiko shambani. Kufikia mwisho wa karne ile funza alikuwa amefika pwani ya Bahari ya Hindi, akapanda meli tena, akaenda India. Miaka isiyozidi 30, Brazil hadi Bombay, na hakulala Changuu hata usiku mmoja. Bibi yako alikutoa funza kwa mwiba huku anakusonya kwamba hunawi miguu. Angejua mgeni yule alikuja kwa meli pengine angemtoa kwa heshima kidogo.

Lakini kama unataka kuingia historia, ngosha, kuwa ng'ombe.

Mwaka 1887 Waitalia walikuwa Massawa, bandari ya Bahari ya Shamu, wakijiandaa kuipiga Uhabeshi. Jeshi linataka nyama na linataka wa kukokota mizigo. Wakaleta ng'ombe kwa meli, kutoka India, wasema wengi. Ng'ombe wakashuka. Hakuna aliyewainua mikono. Hakuna aliyewauliza wametoka wapi. Walikuwa na sotoka.

Unaijua sotoka kwa kusimuliwa tu, na ushukuru. Ng'ombe anatoka machozi mazito, mdomo unaota vidonda, anaharisha mpaka anabaki ngozi juu ya mifupa, na ndani ya wiki mbili hivi amekwisha. Ikateremka kutoka Uhabeshi, ikapita Umasaini, na mwanzoni mwa miaka ya 1890 ikawa imeingia Usukuma. Mahali pengi, katika kila ng'ombe kumi walikufa tisa. Fikiria boma la namhala, mzee mwenye ng'ombe mia. Mahari za wana wake wote zimo humo, deni lake kwa jirani limo humo, heshima yake akisimama kuongea kwenye kikao imo humo. Msimu mmoja, wanabaki kumi, na hao kumi wanasimama mbalimbali kana kwamba wanaogopana. Sotoka haikuishia hapo. Mwaka 1896 ilivuka Zambezi na kuendelea kusini. Dunia ilitangaza kuimaliza mwaka 2011, miaka zaidi ya 120 tangu ishuke Massawa bila kuulizwa cheti.

Ndiyo nikakwambia kuhusu ushuru usio na risiti. Kati ya wote walioilipia bandari ya Massawa, ni wangapi walijua iko upande gani?

Hatua ya sita: tumia mlango wa nyuma

Kwa wale wanaokataa kugeuka ng'ombe, na ninawaelewa, ipo njia ya ustaarabu. Ingia kwa nyuma. Daktari wa bandari amekaa ameitazama bahari. Amelipwa kuitazama bahari. Darubini yake haizunguki.

Kipindupindu kiliijua njia hii. Kilikwisha kuipiga Unguja kwa kupitia baharini zaidi ya mara moja. Kisha mwishoni mwa 1869 kikaja kwa miguu: kikashuka kutoka upande wa Umasaini, kikatokea Pangani, na kutoka Pangani kikavuka kwa jahazi la kawaida kuingia mjini. Dk James Christie, Mskochi aliyekuwa akitibu watu Unguja wakati huo, aliifuatilia njia ile kwa kuwauliza wafanyabiashara na watu wa misafara, akaandika kitabu kizima kilichotoka mwaka 1876. Ungefikiri baada ya hapo kila mtu angeweka kiti kimoja kuelekea bara.

Haya, sikiliza hii. Tauni ya Bombay inaogofya dunia nzima. Pwani yote ya Afrika Mashariki, ya Mjerumani na ya Mwingereza, imekodoa macho baharini. Robert Koch mwenyewe, bingwa wa vijidudu, yuko Dar es Salaam kuanzia 1897. Zinaletwa habari kwamba kuna maradhi ya mitoki huko Kiziba, magharibi ya Ziwa Victoria. Anapelekwa daktari mmoja, Zupitza, anakusanya vipimo, Koch anaviangalia. Tauni. Tena tauni ya siku nyingi, ambayo wenyeji wameijua, na panya hufa kwanza kabla ya watu. Walikuwa wamefunga mlango wa mbele kwa makufuli matatu, na mgeni amekaa jikoni muda wote anakunywa uji.

Kwa hiyo mshauri wako anasema: ukitaka kufika pwani ukiwa na ugonjwa wako salama, anzia Bukoba.

Hatua ya saba, kwa wale watakaopata kazi upande wa pili

Huenda mwanao akasoma, akawa yeye ndiye daktari wa bandari. Mfundishe kushindwa kwa heshima. Ni elimu inayolipa pensheni.

Ugonjwa ukiingia, asiandike kwamba umeingia. Aandike kwamba "umeonekana". Kitu kilichoonekana hakikupita mbele ya mtu. Kisha achague mtaa. Mtaa uwe na watu wengi, wasio na kura, na wenye sura tofauti na yake. Mwaka 1902 Nairobi ilipopata tauni, bazaa ya Wahindi ilichomwa moto. Moto una faida: unaonekana kutoka mbali, hakuna atakayesema hukufanya kitu, na panya wenye miguu minne wanahamia mtaa wa pili kukusaidia kuomba bajeti ya mwaka ujao.

Atangaze zawadi kwa kila mkia wa panya. Hilo litafurahisha watoto. Akisikia kwamba kuna mzee anafuga panya uani, asiulize sana; takwimu zinapanda.

Asije akafanya kosa la Sultani Barghash. Huyu alishika kiti mwaka 1870, kipindupindu kikiwa ndiyo kwanza kimeondoka, na baadaye akavuta maji ya chemchemi kutoka upande wa Bububu kwa mabomba mpaka mjini, watu wakachota bure. Hakuna bendera ya manjano, hakuna mstari wa watu wasio na mashati. Mtu amekunywa maji safi, hakuugua, na kwa kuwa hakuugua hakumkumbuka aliyemkinga. Kwa mtu anayetafuta cheo, hiyo ni hasara tupu.

Nyongeza kwa waliobaki Maswa

Usidhani ukikaa nyumbani utanusurika kukaguliwa. Ng'ombe walipokufa kwa sotoka, na watu wakapungua kwa njaa na ndui, pori halikuwa na wa kulila wala wa kulifyeka. Likarudi. Ndorobo wakarudi nalo, yaani wale mbung'o wanaobeba malale. Wanahistoria wengi wanaifuata njia hiyo hatua kwa hatua. Mwaka 1922 malale ya binadamu yalilipuka hapahapa Maswa. Bandari ilikuwa imefika, imechelewa miaka 30 na ushee.

Karantini ya bara haina kisiwa. Inakuja na daktari, karani na meza chini ya mti. Wanakupanga mstari, safari hii wanabonyeza nyuma ya shingo, maana malale huvimbisha tezi za hapo. Nenda. Nakwambia kweli kabisa, hapa usidanganye. Malale ya upande huu huua haraka, na aliyejificha shambani alizikwa shambani. Inyooshe shingo yako abonyeze.

Udanganyifu uweke akiba kwa kinachofuata. Wataamua kwamba nyumba za mbalimbali ni hatari, kwamba watu wahame pori wakae pamoja mahali palipofyekwa, na kwamba nyote mkafyeke. Kuhusu mbung'o wana hoja. Kuhusu shamba lako la zamani, lenye udongo unaoujua na kaburi la baba yako, hawana habari. Jenga nyumba ndogo kijijini, iwe karibu na njia ili ionekane. Weka humo kitanda, jungu moja, na mjomba. Jembe liache kule kule shambani.

Karani akija kuhesabu, mjomba aitikie kwa sauti. Akiulizwa mwenye nyumba yuko wapi, ajibu amekwenda kutafuta ng'ombe aliyepotea. Karani ataandika "yupo". Hakuna serikali iliyowahi kuwa na askari wa kumfuata Msukuma anayetafuta ng'ombe.